Mondo Aliyenyonya kwa Popi

Enzi zetu pale Gehandu, mtoto hakuwa na mnyama wa kuchezea. Ulipewa mbuzi uwachunge, na jioni akipungua mmoja, fimbo ilikuwa yako. Kwa hiyo baba alipofungua shuka lake na kutoa mtoto wa mondo, yule paka wa porini mwenye madoa na miguu mirefu, nilidhani naota. Mama yake alikuwa amegongwa na trekta lililokuwa likilima shamba jipya la ngano.

Mbwa wetu Popi alikuwa ananyonyesha. Baba akafanya vile alivyozoea kufanya kwa kondoo yatima: alikoroga chumvi ya ziwa Balangida na maziwa ya Popi mwenyewe, akampaka mondo mwili mzima, akamlaza katikati ya watoto wa mbwa. Popi alinusa, akakunja pua, halafu chumvi ikamshinda. Alimlamba yule yatima mpaka akalowa chapachapa, na kufikia asubuhi alikuwa akinyonya kama wenzake. Tukamwita Mgeni.

Mama hakupenda. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema, macho yake yakiwa kwa kuku. Bahati nzuri Mgeni alijitafutia jembe mwenyewe. Alipokua kidogo alianza kukamata panya ghalani, na mahindi yakaacha kutobolewa. Jioni nilikula makande huku amenilalia miguuni, anakoroma kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili. Nilikuwa na furaha sana siku zile.

Tatizo ni kwamba alijiona mbwa. Tulikwenda naye machungani pamoja na Popi, na kila mbwa aliyemwona alimhesabu ndugu. Siku moja wakapita wawindaji na mbwa wao, Mgeni akawakimbilia, mkia juu, awasalimie. Nilimfuata mbio huku nalia. Nilipomfikia mzee aliyetangulia, mdomo ulikataa kusema lolote kabla ya salamu. Ndivyo tulivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unalia nini?"

"Huyo ni wa kwetu. Amenyonya kwa mbwa wetu."

Popi alikuwa ameshafika, amesimama juu ya Mgeni, meno nje. Mzee aliwaita mbwa wake, akacheka mpaka akaegemea mkuki. "Mwambie baba yako amfunge kengele," alisema. "Siku nyingine hutawahi hata kuamkia."

Baba akamfunga kengele ya mbuzi, nami nikalala bila wasiwasi. Lakini panya nao wana masikio. Kila Mgeni alipojikunja ili aruke, kengele ilimtangaza, na haukupita muda mrefu mbavu zake zikahesabika. Uji hakuutaka, ugali ndiyo kabisa. Mama, yule yule wa kuku, ndiye aliyechukua kisu akakata kamba. Nilimsihi asikate.

"Hapa kwangu hafi mtu kwa njaa," alisema. "Akienda, aende ameshiba."

Akaenda, kidogo kidogo. Mwanzoni alirudi kila asubuhi kulala na Popi, kisha mara moja moja, kisha mvua zikaja, nyasi zikawa ndefu, hatukumwona tena. Nililia, sitaficha. Baadaye nilianza kuona nyayo zake kwenye tope la kisimani, nikawa nawazuia ng'ombe wasizifute, nikafurahi kwamba anakunywa maji.

Vijana wa leo wanapenda paka kuliko tulivyowapenda sisi. Wanangu wamejaza simu paka wa kila nchi, wengine wamevaa miwani, na wakimtaka mmoja tena wanagusa kioo tu, anarudi. Huniuliza kwa nini hatukumpiga Mgeni hata picha moja. Nacheka nao, maana ni watoto wazuri. Ila kuna kitu sijui niwatumie vipi kwenye simu zao: kufungua mlango asubuhi na mapema, moyo unakudunda, hujui kama amekuja.