Kamera Isiyo na Mgongo

Katika ukoo wa mume wangu, mkamwana hakutani na baba mkwe. Hawasalimiani, hawali pamoja, wala hawapiti njia moja kwa wakati mmoja. Wengine huku milimani Ileje wameshaachana na mwiko huo, na mchungaji wetu huucheka waziwazi, lakini nyumba niliyoolewa iliushika kwa mikono miwili. Mimi nilitoka Ihanda, kwetu Mbozi, nikiwa binti wa maneno mengi na kicheko cha kusikika barabarani. Nilipofika huku juu ya Isongole nikafundishwa kusikiliza kikohozi.

Kikohozi kilikuwa cha baba mkwe. Alikohoa kabla hajatoka ndani, kabla hajakata kona ya ghala, kabla hajaingia uani. Nikikisikia, naacha nilichoshika na kujitosa jikoni hadi apite. Siku nyingine alikutana na jirani hapo hapo uani, wakaanza habari za mbolea, mvua, na ng'ombe wa nani amevunja uzio wa nani. Mimi niko ndani na moshi, machozi yananitoka, nguo nilizokuwa naanika zinanisubiri kwenye beseni. Miaka yote hiyo nilimjua kwa mabuti yake ya mpira, kofia yake, na kisogo kikiishia kwenye migomba. Uso wake sikuujua.

Mume wangu ni fundi wa breki za malori Tunduma. Foleni ya mpakani haiishi, na kwa hiyo kazi yake nayo haiishi. Alikuwa na chumba huko, na kila akija nyumbani ananiambia, "Mzee akisema sawa, tunaondoka wote." Kumwuliza Mzee mwenyewe hakutaka kabisa. Mambo ya mkamwana hupitia kwa mama, na kumruka mama ni kumdharau. Kwa hiyo mimi nilimwomba mama mkwe, mama mkwe akampelekea Mzee, na jibu likarudi kwa njia ileile: bado. Msimu wa kahawa ukiisha naomba tena, najibiwa bado. Nilikuwa nalala na hasira na kuamka nayo, na hakuna mtu wa kumgombeza, kwa sababu aliyenikatalia sikuruhusiwa hata kumtazama.

Nilichobaki nacho ni video. Naegemeza simu kwenye tawi, najirekodi nachuma kahawa, nakoboa, naanika, naongea na watazamaji kama ambavyo sikuweza kuongea hapo nyumbani. Watu wakaanza kunifuatilia, hata wa nchi za mbali. Kisha simu ikaponyoka, ikazama kwenye ndoo ya kahawa iliyokuwa imeloweshwa. Ilitoka inanuka uchachu na haikuwaka tena. Mume wangu akasema nishuke Tunduma nikatafute kitu cha kudumu, simu nyingine atanipa yake ya zamani.

Muuzaji alikuwa mwanamke aliyeongea Kiswahili na mimi na Kibemba na mteja mwingine kwa pumzi moja. Aliweka kamera mbili mezani. "Hii ndogo ni ngumu, lakini inaona mbele tu," alisema. "Hii nyingine ina lenzi mbele na nyuma, inachukua pande zote kwa mpigo. Wewe unaiacha inarekodi. Ukikaa na simu yako ndo unachagua uwaoneshe watu upande gani. Hata kijiti ulichoishikia hakionekani kwenye picha."

Nikauliza mvua. Akaimwagia maji ya chupa. Nikauliza ikianguka. Akaiachia sakafuni, watu wakageuka, akaiokota ikiwa bado inarekodi. "Lenzi tu ndo uzilinde, dada. Zimetokeza kama macho ya chura, ukiilaza vibaya zinachubuka. Na usininunulie memori kadi ya bei chee halafu uje kunilaumu, video zake ni nzito." Nilikuwa bado nasitasita. Ndipo akaniambia, "Inaona mpaka kisogo chako." Hapo nikanunua. Nilikuwa nimechoka kuwa na kisogo kisichoona.

Nilijifunza taratibu. Ukungu wa Ileje hutua kwenye lenzi bila wewe kujua, na ukifuta kwa kitenge unaacha manyoya. Betri huchoka haraka asubuhi za baridi, nikawa naiweka kifuani chini ya sweta. Nikisogeza punje ya kahawa karibu sana na ubavu wa kamera, pale picha za lenzi mbili zinapoungana, vidole vyangu vinakatika kama vya mchawi. Lakini nikiiunganisha kamera na simu niliweza kutazama nyuma bila kugeuka, nikayaona yale mabuti yakitoka ghalani kabla kikohozi hakijafika. Nilicheka peke yangu siku hiyo.

Ila mwili una mazoea yake. Siku zote nilipokuwa narekodi kwa simu niliipa mgongo nyumba ya baba mkwe, kwa heshima. Na kamera hii nikaendelea hivyohivyo. Nachagua lenzi moja naiita uso, naielekeza kwenye kahawa. Ya pili naiita mgongo, naielekeza nyumbani kwa wakwe, na moyo wangu unatulia kwamba nimeshika adabu. Msichana wa Dar angenicheka. Nilijua inaona kote, lakini mkono wangu haukujua.

Asubuhi moja nilimwomba mama mkwe tena. Safari hii nilipiga magoti, nikasema mume wangu anakula hotelini, nikasema nataka nyumba yangu. Akanijibu kwa upole, "Nitamwambia baba yako." Nikachomeka kijiti cha kamera kando ya vichanja vya kuanikia kahawa ili irekodi ukungu ukipanda kutoka bondeni, nikaiacha, nikaenda kisimani. Mchana mama mkwe akaniita. "Baba amekataa, mwanangu. Anauliza shamba litabaki na nani." Nikaitikia asante, kwa kuwa ndivyo mtu anavyoitikia, nikaingia jikoni kwa hiari yangu bila kikohozi chochote.

Baadaye wiki hiyo nilikaa nyuma ya jiko nikiutafuta ukungu kwenye ile video. Nikaizungusha picha kwa kidole. Yakatokea mabuti. Nikaifunika simu kwa kanga kama mtu aliyefumwa, lakini sauti haikufunikika. Ilikuwa sauti ya baba mkwe, anaongea na mkewe kwa lugha yao, ambayo kufikia hapo nilikuwa naielewa vizuri kuliko walivyodhani.

"Huyu mtoto tumemfungia," alisema. "Kila nikikohoa anakimbia. Mimi mwenyewe nachoka kukohoa. Mwambie aende kwa mume wake."

Mama mkwe akajibu, "Nitamwambia."

Zile "bado" zote, msimu baada ya msimu, nilikuwa nimezipokea kwa heshima, na sikujua ni ngapi kati ya hizo zilikuwa za baba. Nilimchukia yule mama kwa chuki niliyoihisi mpaka kwenye meno. Nilitaka nimwendee na simu, nimwekee sauti ile mbele ya majirani wote. Nikafunua kanga, macho nikayaweka upande wake tu. Mabuti yalikuwa yameshaondoka. Yeye alibaki kwenye vichanja anageuza kahawa ambayo ilikuwa imeshageuzwa, akaacha, akakaa kwenye jiwe ninalokalia nikichambua kahawa, akafuta uso kwa upindo wa kitenge. Wanawe wote walikuwa wameshaondoka. Mume wake haongei nje ya kahawa na mvua. Mimi ndiye niliyekuwa naongea pale nyumbani, hata kama ilikuwa ni na kamera. Hasira haikuisha, ila haikuwa na pa kwenda.

Sikumwambia neno. Kesho yake nilichomeka kijiti uani, kwenye njia anayopita baba mkwe akitoka ghalani. Nikawasha. Kikohozi kikaja. Miguu yangu ilitaka jikoni, nikaizuia. Nikampa mgongo, nikapiga magoti nikitazama kahawa, nikapaza sauti kama ninavyofanya siku zote.

"Ndugu watazamaji wangu," nikasema, "nawaaga. Baba yangu wa hapa nyumbani ameniruhusu niende kwa mume wangu Tunduma. Nimesikia mwenyewe. Namshukuru, na Mungu ambariki. Kesho naondoka."

Nyuma yangu mabuti yalisimama. Magoti yakaniuma kwa vijiwe. Kisha akakohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, akaenda zake. Jioni ile mama mkwe alipika ugali tukala. Asubuhi nilikuta mfuko wangu umeshafungwa, ndani yake maharage, karanga na kahawa ya kukaangwa. Alinisindikiza hadi barabarani akiwa amejitwika mfuko huo, akakataa nimpokee.

Sasa naishi chumba kimoja na mume wangu, dirisha letu linatazama matairi ya malori yasiyosogea. Honi haziishi. Jikoni ni kona ya chumba, na hakuna anayekohoa. Siku ya kwanza mume wangu alipoenda kazini niliifungua ile video.

Nilijitazama kwanza, nimepiga magoti, nimejikaza, nazungumza. Kisha nikazungusha, nikidhani nitakuta macho yake kwenye kisogo changu. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amenipa mgongo na yeye, kofia ameivua ameishika kifuani, anatazama ghala lake. Na kwa kuwa kamera ilikuwa pembeni yake, karibu na ukuta wa ghala, uso wake uliingia nusu. Ni uso wa mume wangu ukiwa umezeeka. Midomo ilikuwa inatabasamu. Nilikaa nao sana.

Mwishowe nikazungusha tena, nikitafuta ukungu. Mlangoni mwa jiko alikuwepo mama mkwe. Ameshika ndoo yangu ya maji, mkono mwingine mdomoni. Kati yetu watatu ni yeye peke yake aliyekuwa ametazama mbele, na macho yake yalikuwa kwangu.

Nimejaribu kuikata ile video ili watu waone kahawa na baba mkwe na kofia yake. Namsukuma mama kwa kidole atoke kwenye picha, anatoka. Naendelea kusukuma, picha inazunguka, ghala linapita, kahawa inapita, magoti yangu yanapita, na upande wa pili namkuta amesimama palepale na ndoo yangu.