Maji ya Nguruwe wa Mama Furaha

Juzi pale Kalembe, muuza dawa alinipa vidonge vya vitamini B2, kwa kuwa pembe za mdomo wangu zilikuwa zimepasuka tena. Niliitambua rangi yake ya manjano: ni ile ya maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini. "Rangi hiyo njo vitamini yenyewe," alisema nilipomweleza.

Utotoni, jirani yetu Mama Furaha alitengeneza jibini, na maji yake akawanywesha nguruwe. Alasiri moja alinishika kidevu mbele ya wateja.

"Muangalie huyu mutoto. Mudomo ya mwizi njo inapasukaka hivi. Foromaje yangu njo anakulaka."

Walicheka. Sikuwa nimewahi hata kuionja jibini yake. Nikaapa kuwaua nguruwe wake kwa njaa. Kila alasiri nilijipenyeza bandani, kwenye harufu ya maziwa yaliyochacha, nikanywa maji yale huku nguruwe wakinisukuma magoti kwa pua zao.

Nguruwe hawakufa. Mdomo wangu ndio uliopona.

"Unaona? Umeacha kuiba," Mama Furaha alisema.

"Ndiyo, Mama," nilimjibu, na uchachu ungali ulimini.

Leo najua kilichoniponya. Asante yake sijampa, wala sitampa.