Nusunusu na Nakala Zake Mbili

Chuoni tulimwita Nusunusu. Alisoma historia na uchumi kwa pamoja, na kila upande ulimwona mgeni: wanahistoria walimtania kuwa ni mhasibu aliyepotea njia, wachumi wakamwuliza kama wafalme wake hawajambo. Alicheka nao. Kicheko kilimwisha mwaka wa mwisho, alipoanza tasnifu.

Alitaka kujua kilichoua kiwanda cha nguo alichofanyia kazi shangazi yake. Wafanyakazi waliambiwa kimefungwa kwa uvivu wao, na shangazi, aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani, aliishi na neno hilo kama mwiba kooni.

Shahada ile ilidai wasimamizi wawili. Ofisi zao zilipakana, lakini wenyewe hawakusalimiana tangu walipogombea ukuu wa kitivo. Yule wa historia alikata majedwali yote.

"Namba hazilii, binti," alisema. "Huyu shangazi mlize kidogo."

Yule wa uchumi akamfuta shangazi mzimamzima. Mtu mmoja si ushahidi, alisema, hata awe na uchungu kiasi gani.

Nusunusu akachoka kupigwa danadana. Akaandaa nakala mbili: katika moja shangazi analia, katika nyingine hayupo kabisa. Kila msimamizi akaisifu yake. Naye kila alipotoka katika ofisi zile alijiona ananuka, kana kwamba kitu kimevunda ndani ya nguo zake mwenyewe.

Siku ya kuitetea, mtahini kutoka chuo kingine alikuta mezani nakala zote mbili, kila msimamizi amewasilisha yake. Akafunua hii, akafunua ile, akavua miwani. Hapo mahasimu wetu wakageuka ndugu wa tumbo moja: binti ametuhadaa. Mmoja akamwazima mwenzake kalamu ili ayaandike hayo. Nusunusu aliitazama mikono ile laini ikipokezana kalamu. Akaambiwa arudi na tasnifu moja yenye saini zote mbili, la sivyo asahau shahada.

Safari hii hakumwuliza mtu. Maneno ya shangazi, bila chozi la nyongeza, aliyaweka ubavuni mwa jedwali la bei za pamba na za nguo zilizoingizwa kutoka nje, na kila kimoja kikaeleza kingine.

Msimamizi wa kwanza alitia saini akiwa amesimama mlangoni. Wa pili alitia saini huku anaongea na simu. Hakuna aliyefunua hata ukurasa.

Jioni shangazi aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye jedwali, kidole kikasimama.

"Kumbe haukuwa uvivu wetu," akasema. Kisha akainua uso. "Na walimu wako, hapa walisemaje?"

"Hawakusema kitu, shangazi."

Shangazi akangoja, akidhani kuna zaidi.