Nilivyopigiwa Makofi ya Mtu Mwingine

Jamani, hii aibu ilinipata Barking, mwaka wangu wa kwanza London, miaka ya tisini ikielekea kuisha.

Jumamosi ile nilikuwa off, sina hata mtu wa kumtembelea, nikaenda kuangalia mpira kwenye kiuwanja cha klabu ndogo ya mtaani. Getini mama mmoja wa Kizungu aliponiona uso ukamng'aa. "Ulicheza?" akaniuliza. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini hilo nililielewa.

"Nilicheza," nikajibu. "Beki wa kulia." Na ni kweli, nilicheza Morogoro.

Akanikumbatia! Nikavishwa skafu ya klabu, nikapewa chai na pai, wazee wakanishika mkono kwa heshima. Nikajisemea, kumbe Waingereza ni wakarimu hivi, nami nilikuwa nawasema vibaya.

Wakati wa mapumziko mimi na wale wazee tukapelekwa katikati ya uwanja. Mtangazaji, nilikuja kuambiwa baadaye, alisema ni siku ya wachezaji wa zamani, akaeleza historia ya klabu, jinsi ilivyokaribia kufa, mpaka beki wa kulia akafunga goli lililoiokoa. Watu wakasimama, wakanipigia makofi. Nami nikawapungia!

Mara akaja mwanamume mweusi wa rika langu, anakimbia, amecheleweshwa na treni. "Kaka, beki huyo ni mimi. Wewe ulicheza hapa lini?"

Maikrofoni ilikuwa karibu. "Morogoro," nikasema, na uwanja mzima ukasikia.

Walicheka mpaka mtangazaji akashindwa kuendelea. Natafuta pa kutokea, yule bwana akanishika bega.

"Jumapili maveterani tunacheza," akasema. "Unavaa viatu namba ngapi?"