Presha Haipimwi kwa Sikio

Maneno hayo yalinikuta kwenye foleni ya zahanati. Mama mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba yule fundi wa tairi wa njia panda, wanayemwita Masikio, ana presha na dawa ameziacha. Kwamba ameanguka kazini, mpira wa kujazia upepo ukiwa mkononi. Kwamba gari lililokuwa mbele yake lilikuwa la shule.

Gari la shule linalojazwa upepo pale ni moja tu, na binti yangu hulipanda kila asubuhi. Wiki tatu nilijiambia ni umbea. Wiki tatu usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Mwishowe nikaenda kuuliza.

Saa moja unusu asubuhi. Masikio amechuchumaa mbele ya gari dogo la mizigo. Anagonga tairi mara moja kwa kipande cha nondo na kuinamisha kichwa, kama mtu anayeitwa kwa mbali.

"Pauni ishirini na nane," anasema.

Kisha anachukua geji inayoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, anaibana kwenye valvu na kusoma. Ishirini na saba. Anavuta mpira wa kompresa na kuanza kujaza.

"Masikio, siku hizi sikio limeajiri msaidizi?" mwenye gari anamchokoza.

"Limepanda cheo, kaka. Sasa linasimamia tu."

Ukikaa hapo saa moja, neno presha utalisikia mpaka ulichoke. Dereva anataka aongezewe presha tairi za nyuma, amebeba saruji. Kijana wa simu analalamika bosi anampa presha. Anayeosha magari anasema leo bomba halina presha, maji yanadondoka kama machozi ya bi harusi. Na kwenye kibanda cha jirani, mke wa Masikio, anayeuza maharage, anafoka: "Nani kagusa sufuria yangu ya presha? Mnataka iwapasukie usoni?"

Ni neno la Kiingereza lililohamia kwetu mikono mitupu, na sasa lina kazi kila mahali.

"Hizo zote zinajitangaza, dada," Masikio anasema. "Sufuria inapiga mluzi. Bosi anapiga kelele. Tairi ukiligonga linakujibu. Ya mwilini ndiyo inakaa kimya kama mwizi chini ya kitanda."

Kulijua hilo kumemchukua miaka mingi. Ana miaka hamsini na moja, na ameshika mpira wa upepo tangu akiwa na kumi na tisa. Alifundishwa na mjomba wake, ambaye geji yake ilivunjika na hakununua nyingine. Kila mwanafunzi alifungwa kitambaa machoni, akapewa nondo, akagonga matairi manne, akataja pauni za kila moja. Ukikosea kwa zaidi ya mbili, unaanza upya. Mpwa huyu alifuzu kwa miezi minne, wengine waliomba radhi wakaondoka.

"Mjomba alisema geji ni ya mtu asiyejua kazi. Nikaishi hivyo miaka thelathini."

Miaka miwili iliyopita walipimwa bure pale zahanati. Yeye alikutwa na mia moja themanini kwa mia moja na kumi. Akapewa vidonge, kimoja kila siku. Akameza miezi miwili, akajisikia mwepesi, akaacha.

"Sikuacha kijinga," anasema. "Nilijipima kwanza."

Alijipima kwa vidole viwili shingoni na sikio kwenye mto. Kila asubuhi, kabla ya kuinuka, alisikiliza damu ikipiga. Ikigonga taratibu, anajua yuko sawa.

"Nilimwambia, baba watoto, hiyo ni shingo, siyo tairi," mkewe anadakia huku akichambua maharage. "Akaniambia mwanamke nyamaza, mimi ndiyo kazi yangu. Haya, ndiyo kazi yake kweli. Nikanyamaza. Najuta mpaka leo."

Kuanguka hakuanguka. Umbea ulikosea hapo. Kilichotokea nilikipata kwa dereva wa gari la shule, mtu mpole asiyependa kusema watu.

Asubuhi hiyo tairi la mbele kushoto lilikuwa limepungua. Masikio alijaza, akagonga, akasema arobaini. Dereva aliona tairi limevimba kupita kawaida yake. Alikuwa na geji mpya aliyopewa na mwenye gari, akaitumia.

"Sitini na mbili," dereva anakumbuka. "Nikasema mzee wangu, samahani, hebu njoo uone. Akacheka, akasema hiyo geji ni ya dukani. Akagonga tena. Arobaini. Akagonga mara ya tatu, hakutaja kitu."

Masikio mwenyewe anaendelea: "Kwa wiki kadhaa kulikuwa na mlio kichwani, kama mvumo wa nyaya za umeme. Nilidhani ni kompresa. Siku hiyo mke wangu alizima kompresa, na mlio ukabaki."

Nikamwuliza dereva, watoto walikuwa wapi?

Alitazama viatu vyake. "Ndani, mama. Kumi na wanne. Tulikuwa tumechelewa."

Mmoja wa hao nilimfunga kamba za viatu kwa mikono yangu.

Upepo ulipunguzwa, watoto wakafika shule salama. Masikio alikaa juu ya tairi bovu. Mkewe alifunika maharage, akamshika mkono, wakaenda zahanati kwa miguu.

Muuguzi alipima mkono wa kulia, akahamia wa kushoto. Mia mbili na kumi na tano kwa mia moja ishirini na tano.

"Baba, umekuja mwenyewe?"

"Kwa miguu."

"Kichwa hakiumi? Kizunguzungu?"

"Sina chochote. Hata asubuhi nilijipima."

"Kwa kitu gani?"

Akainua vidole viwili. Muuguzi hakucheka. Alimlaza hapo hapo, akatoka kumwita daktari.

Waliambiwa wazi kwamba mlio unaweza kuwa na sababu nyingi, na kwamba mwenye presha kubwa aghlabu hahisi lolote mpaka jambo baya litokee. Alilazwa siku tatu. Sasa anameza vidonge kila asubuhi mbele ya mkewe, ambaye humwambia afungue mdomo auone, kama mtoto. Vipimo vimeshuka, bado havijafika panapotakiwa. Mlio upo, ila mdogo.

Kwenye ukuta wa karakana ameandika kwa chaki pauni za kila gari la mteja wa kudumu. Chini kabisa kuna mstari usio na namba ya gari: 148/94.

"Hiyo ni ya nani?" nilimwuliza.

"Ni gari la zamani," anasema. "Lina kitindamimba anayetaka kumaliza sekondari. Miaka minne. Nataka nifike nalo."

Mpango wake mwingine ni kununua geji tano na kuwapa mafundi waliofundishwa na mjomba, ambao bado wanagonga na kusikiliza. Wawili wamemcheka. Mmoja amekuja kuchukua ya kwake.

Mzazi mwenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiache vidonge vya presha kwa sababu unajisikia vizuri. Muulize aliyekuandikia.

Usijipime kwa vidole, wala kwa usingizi mzuri.

Usimpe jirani vidonge vyako, wala usimeze vyake.

Usimkubali fundi anayetaja pauni bila kukuonyesha namba, hata akiwa shemeji yako.

Usiinamishe uso juu ya tairi linalojazwa.

Usiruhusu tairi lijazwe watoto wakiwa ndani ya gari, hata mkiwa mmechelewa.

Usione haya kumwuliza dereva wa mwanao. Mimi niliona haya wiki tatu, na kila asubuhi ya wiki hizo nilimpandisha binti yangu garini na kumpungia mkono.