Msiba wa Msagaji

Usiku wa kuamkia kikao cha ukoo nililala nimeshakubali. Baba mkubwa alikuwa amenichosha miezi mitatu: mashine ya kusaga ya marehemu babu iuzwe, mnunuzi aivunje ajenge gesti. Babu aliiandika kwa majina yetu, mimi na Baba mkubwa, kwa hiyo ilibaki saini yangu tu. Nikamwambia haya, nitasaini, nikajifunika shuka na hasira zangu.

Nikamwona babu. Hakuja na sanda wala mwanga. Alikuja na unga kwenye kope na ile kofia yake iliyofumuka, kasimama mlangoni pa mashine, na nje ni mchana, foleni ya watu na ndoo zao imefika barabarani. "Mke wangu," ananiita, vile alivyoniita tangu nikiwa mchanga, "washa."

Nawasha. Anakuja mama mmoja kajifunga kanga kichwani, kafiwa, na watu wote wanampisha. Kwa babu mwenye msiba hakupanga foleni. Mvua inyeshe, babu awe na homa, sikukuu imkute mezani, akisikia kilio mtaani alikwenda kufungua, maana waombolezaji lazima wale. Mji mzima ulimpendea hilo. Nainua ndoo ya yule mama nimimine mahindi, na mashine haipo tena. Tuko nyumbani, kwenye matanga ya babu mwenyewe.

Wanawake wanasonga ugali, na pembeni kuna rundo la paketi za unga wa dukani zilizochanwa. Babu kakaa mkekani na waombolezaji, anatafuna polepole kama mgeni. Jamani, niliona aibu! Maana ndivyo ilivyokuwa kweli. Siku alipokufa, Baba mkubwa aliitia mashine kufuli, eti kwa heshima ya marehemu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo. Msiba wa msagaji, watu wakala unga wa paketi.

"Mlinizika vibaya," babu anasema, na anacheka hadi unga unamdondoka kwenye kope. Kisha hacheki. "Juzi muuza nyama kafiwa na mkewe. Kasaga wapi?"

Najua alikokwenda: mji wa jirani, kwa pikipiki, na foleni ya huko haimjui mtu. Aliporudi na unga wake, mkewe alikuwa ameshazikwa.

"Babu, nimeshakubali," nasema. "Baba mkubwa ndiye mkubwa wetu."

"Huyo mkubwa nimemzaa mimi."

Anasimama, anajikung'uta, anavaa kofia. Nataka kumshika mkono, nimemkumbuka mno babu yangu, lakini tayari yuko mlangoni.

"Mimi sifungui kwa sababu nimekufa," anasema. "Wewe je?"

Nikashtuka nimekaa kitandani, machozi tele, na ndani nawaka. Kumeshakucha. Hata uso sikunawa. Nikampigia Baba mkubwa.

"Sitii saini. Leo wala kesho."

"Wewe binti! Mnunuzi yuko njiani!"

"Mwambie ageuze."

"Jana ulikubali mbele ya watu. Nani kakujaza maneno haya?"

"Baba yako," nikamjibu, nikakata simu, nikachukua nyundo ya kuvunjia kufuli, nikaenda kufungua.