Mutego kwenye Njia ya Mtoni

Juzi daktari mmoja hapa Kasenga alinishika vidole vya miguu, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, halafu akaniuliza: "Mama, kwenu kulikuwaka mutu mwenye viungo vya namna hii?" Nilicheka. Ee rafiki yangu, nilicheka mpaka daktari akaweka kalamu chini akanitazama. Kisha nikashindwa kunyamaza, na hakikuwa kicheko tena.

Ni baridi yabisi, akasema. Viungo vinavimba, asubuhi vinaamka vimekakamaa, na polepole vidole vinapinda kuelekea upande mmoja. Mara nyingine inatembea ndani ya jamaa. Akaniandikia vidonge, akaniambia kila asubuhi niloweke miguu kwenye maji ya moto halafu nitembee, hata kama inauma. "Lakini usikae," akasema. "Ukikaa, viungo vitafunga." Nilirudi nyumbani nyuma ya pikipiki, kila shimo la barabara likinipiga magotini, na kichwa changu kilikuwa kimeshafika Runingu, kwa koko, mama wa baba yangu, aliyenilea.

Ungeijua Runingu ya wakati ule! Kabla jua halijatoka ungesikia vinu: hapa kimoja, kule kingine, wanawake wakitwanga mihogo na kuitana juu ya ua. Hewa ilinuka mihogo iliyolowekwa, harufu ambayo wageni walikuwa wanaibania pua na sisi tulikuwa tunaona njaa. Jioni ni bugali na ndagala waliokaangwa kwa mawese, na sombe, majani ya mihogo, kama kuna mtu wa kuitwanga. Koko alikuwa mwanamke wa mzigo. Alipandisha kuni kutoka bondeni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, mgongo umeinama, mdomo haunyamazi.

Halafu miguu ikaanza. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama kama miguu ya mtu mwingine. Aliyemwamsha alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa minyaa, mjane mwenye maneno mengi, Mkatoliki, sisi tukiwa Waprotestanti. Aliingia bila hodi, akabandika maji, akamkanda vifundo, akampaka mawese ya vuguvugu, huku akimtukana kwa mapenzi: "Simama, weye muvivu! Mihogo itajiloweka yenyewe?" Wakatoka pamoja kwenda mtoni, koko akitembea kama bata. Kufika majini, alikuwa anatembea kama mtu. Jumapili walishikana mkono mpaka njia panda, kila mmoja akaenda kwa Mungu wake, na saa ya kutoka wakangojeana palepale.

Uvimbe ulipopanda mpaka magotini, baba mukubwa, kaka mkubwa wa baba, akaja kutoka Luberizi alikolima mpunga. Alikuja na mganga. Mganga akatazama vile vidole vilivyoinama upande mmoja, akatikisa kichwa: amekanyaga mutego. Nafikiri hata kwenu wanasema hivyo. Mtu anafukia dawa njiani, anataja jina lako, wengine wote wanapita salama, weye ukikanyaga mguu unavimba. Akachimba kwenye njia ya mtoni, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Watu wakapiga yowe. Kisha akatoa amri: mama huyu asikanyage udongo hata kidogo, mpaka aliyetega akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Akikanyaga kabla ya hapo, anakufa. Na njia ile ilikuwa ya nani? Ya wanawake wawili tu.

"Mutu anitege minye, kisha anipake mawese kila asubuhi?" koko akapiga kelele. "Munawaza na kichwa gani?" Wanawe walichukua fimbo yake ya kutembelea wakaipandisha kwenye paa. Jirani alipofika na sufuria yake, akakuta mlango umefungwa.

Basi tukamkalisha. Nasema tukamkalisha, kwa sababu ilikuwa kazi ya nyumba nzima, na tuliifanya kwa upendo, hilo ndilo linaloniua. Tulimbeba kwenda msalani ili nyayo zisiguse chini. Magoti yalimuuma yakinyooka, tukakunja nguo za zamani tukamwekea chini ya magoti, akapumua, tukafurahi kwamba amepata nafuu. Mimi nilimlisha. Akisikia vinu vya watu, mikono yake ilikuwa inacheza juu ya mkeka. Mvua zote zikapita hivyo. Mapaja yakapungua yakawa kama ya mtoto, na magoti yakabaki yameinuka, usiku na mchana.

Jirani hakukubali kitu. Angekubali nini? Kila asubuhi tulimsikia ng'ambo ya minyaa: "Ameamuka namna gani?" Wanawake wakaacha kuteka maji akiwapo. Watoto walimkimbia. Sokoni hakuna aliyenunua mihogo yake.

Halafu Jumapili moja, watu wakiwa wamejaa uani kwetu baada ya ibada, akaingia. Alikuwa na kitenge chake cha kanisani. Akasimama karibu na mafiga, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Ni minye. Ile mutego, ni minye niliitega. Sasa mumuache akanyage."

Hakungoja hata waanze kupiga kelele. Akaingia ndani moja kwa moja, akapiga magoti kwenye mkeka, akatupa zile nguo tulizokunja, akamshika koko miguu. "Simama, muvivu. Twende." Koko alikuwa analia. "Weye mujinga," akamwambia, "umefanya nini?" Wakajaribu, wawili wao, kisha baba mukubwa naye akamshika kwapani. Walimwinua mzima mzima, na miguu ikaning'inia imekunjika, haikufunguka. Mungu wangu. Nyayo hazikufika chini.

Wakasema amechelewa kukubali, dawa imeshaingia kwenye mifupa. Vijana walipanda kung'oa mabati ya nyumba ya jirani siku hiyohiyo. Aliondoka na beseni kichwani, akashika barabara ya bondeni, na sijawahi kukutana na mtu aliyemwona tena. Koko aliishi kidogo baada ya hapo, kama hayo ni maisha. Alipokufa kifuniko cha jeneza kilikataa kufunga, kwa ajili ya magoti, na wanaume walitutoa nje. Walichofanya huko ndani nilikisikia. Sitakusimulia.

Mwaka jana nilipita Runingu. Mto umehama, umeila njia yote. Ua wa minyaa haupo, vinu havipo, mashine ya kusaga inanguruma mchana kutwa na vijana hawajui kwamba pale palikuwa na nyumba mbili.

Jana nikampigia baba mukubwa. Ni mzee sasa. Nikamweleza yote, jina la ugonjwa, vidole vyangu, maneno ya daktari. "Na minye iko nayo," akasema. "Magoti yote mbili. Siku hizi natembea na fimbo." Nikangoja. Nilitaka aseme, na nilijua analiona neno lenyewe liko mbele yake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa kali. "Lakini ya mama ilikuwa mutego. Yule mwanamke alikubali mwenyewe, mbele yetu bote. Weye ulikuwa pale. Ulisikia."

Nikakata simu. Ni kweli, nilikuwa pale, nilisikia. Huko Runingu hakuna anayekumbuka uso wake, wala sauti yake, wala jina alilobatizwa. Wamekumbuka tu kwamba alikubali.